Bi Rudia na Nusu ya Maneno ya Mlinzi

Mtaani walimwita Bi Rudia, na jina alijitakia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kukusanya kauli za watu kwa ajili ya gazeti moja la wiki, gazeti jembamba ambalo wengine walilinunua kusoma na wengine kufungia vipande vya sabuni. Likitokea jambo, maji kukatika au nauli kupanda, yeye ndiye aliyetumwa barabarani na kinasa sauti chake kuuliza watu wanasemaje. Na ukishasema, usidhani umemaliza. Anakurudishia maneno yako neno kwa neno, kisha anakukazia macho: "Ndivyo ulivyosema?" Mpaka useme "ndivyo", huendi popote.

Fundi viatu wa kona alikuwa akimwona tu kwa mbali anapaza sauti, "Shikamoo, na ndivyo nilivyosema!" Mumewe, seremala asiyependa maneno mengi, aliwaambia wageni kwamba hata siku alipomposa aliambiwa arudie. "Nikarudia," anasema, "ndiyo maana mpaka leo siwezi kukana."

Waache wacheke. Kabla yake, kazi ile ilifanywa na bwana mmoja aliyekaa kwenye kibanda cha chai na kujitungia kauli zote mwenyewe. Kwake kila mchuuzi alizungumza kama mbunge, na kila mama aliyefiwa alisema jambo lile lile "kwa masikitiko makubwa". Bi Rudia hakuwa na masomo ya kujivunia, aliishia shule ya msingi, lakini alijua kwamba ukimwekea mtu mdomoni neno ambalo si lake umemwibia, tena mchana kweupe.

Basi wezi wakavunja stoo ya shule ya msingi ya mtaa wao, wakaondoka na madaftari, mipira na sufuria za jikoni. Minong'ono ikaanza: walinzi wa shule wapewe bunduki au waendelee na rungu na filimbi? Wakubwa wakasema wanalifikiria. Mhariri akamwita Bi Rudia. Alikuwa mwanamume mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata kama wembe, na hakupenda kelele.

"Nataka ukurasa mzima," alisema. "Huku wanaotaka bunduki, huku wasiotaka. Sawa kwa sawa, mama. Mtu asije akasema tumeegemea upande."

"Na wakiwa wengi upande mmoja?"

"Wewe lete, mimi nitapanga."

Akazunguka. Mchinjaji alitaka bunduki, tena alitaka na yeye apewe. Mwenye duka la vyuma alitaka. Baada ya hapo, kila aliyemsimamisha alikuwa hataki. Dereva wa lori hataki, mshonaji hataki, hata yule kinyozi anayependa kubisha kila kitu, safari hii hakubisha. Akajikuta amebakiwa na mtu mmoja aliyekuwa akimkwepa, yaani mlinzi wa shule mwenyewe.

Alimkwepa kwa sababu walikuwa wapangaji wa nyumba moja, ukuta kwa ukuta. Mkewe, Mama Pacha, walianika naye kamba moja na kuazimana pasi, na mlinzi alimwita shemeji. Bi Rudia hakupenda kuchukua kauli kwa watu wake, maana huruma huingia kwenye maandishi kama mchwa. Lakini ukurasa wa walinzi na bunduki usiokuwa na mlinzi ungekuwa ukurasa gani?

Alimkuta getini, amekaa kwenye dawati lililovunjika mguu mmoja, kofia juu ya goti. Akamwambia, "Shemeji, leo sikuja kama jirani."

"Nimekiona hicho kidude. Haya, washa."

Akawasha. Mlinzi akatazama upande wa stoo, akasema taratibu, "Alfajiri ile ningekuwa na bunduki, ningempiga yule wa kwanza kifuani. Nisingejiuliza mara mbili. Halafu alipogeuka nikamwona uso. Ni kijana aliyesoma hapa hapa, nilikuwa nikimfungulia geti hili kila asubuhi, anachelewa kila siku. Nikapuliza filimbi, wakakimbia. Sufuria zimekwenda, lakini yeye yuko hai, na mimi nalala. Ndiyo maana nasema msinipe. Msinipe kabisa."

Bi Rudia akamrudishia yote, mwanzo hadi mwisho. "Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo." Akacheka kidogo. "Hukuacha hata ile ya kuchelewa!"

"Siachi kitu mimi."

Kesho yake aliyaweka maneno yote mezani kwa Mhariri, yameandikwa kwa usafi. Mhariri akasoma, akakuna kidevu. Upande wa wasiotaka ulifurika. Upande wa wanaotaka ulikuwa na mchinjaji na mwenye duka, wamekaa kama wageni walioalikwa kwa makosa.

"Hapa pana shimo," alisema. Kidole chake kikashuka, kikasimama kwa mlinzi. "Huyu je? 'Ningekuwa na bunduki, ningempiga yule wa kwanza kifuani.' Hii ina nguvu. Inakaa vizuri kwenye kisanduku, chini ya picha yake."

"Huyo hataki bunduki, mzee. Soma mbele."

"Nimesoma. Visanduku vinabeba sentensi moja, kila mtu anapewa moja. Wasiotaka ninao wa kutosha."

"Lakini hayuko upande huo!"

"Mama." Mhariri akavua miwani, na sauti ikawa ya chini zaidi. "Maneno haya ni yake au umeyatunga?"

"Ni yake."

"Ulimrudishia?"

"Nilimrudishia."

"Akasema ndivyo?"

Hilo lilikuwa swali la Bi Rudia mwenyewe. Ngao yake aliyoichonga mwenyewe, leo anapigwa nayo kichwani. "Akasema ndivyo," alijibu, "lakini kwa yote."

"Na hii ni sehemu ya yote," akasema Mhariri, akavaa miwani. "Hatujaongeza hata herufi. Sawa kwa sawa."

Alibaki amesimama mbele ya meza kama mtu aliyesahau alichofuata. Aliomba mlinzi aondolewe kabisa, akaambiwa ukurasa hauwezi kwenda na shimo. Aliomba wamweke mchinjaji mara mbili, Mhariri akadhani anatania. Akatoka.

Siku gazeti lilipotoka, Bi Rudia alisikia kelele za shuleni kabla hajafika kona. Wazazi walikuwa wamejaa getini, na ukurasa ule unapita mkono kwa mkono. Upande wa kushoto, chini ya herufi nene WANAOTAKA, palikuwa na picha ya mlinzi akiwa na kofia yake, na sentensi moja. Hapakuwa na filimbi, wala kijana wa kuchelewa.

"Ndiye huyu tunayemwachia watoto?" mama mmoja alikuwa akisema. "Anayewaza vifua vya watu?"

Mlinzi alisimama pembeni ya geti lake, mikono nyuma. Alipomwona Bi Rudia alimtazama bila hasira, kama mtu anayesubiri mwenye ufunguo, maana aliamini kabisa kwamba huyu sasa atasema neno na mambo yatakwisha.

Na Bi Rudia akasema. Akapenya mpaka ofisini kwa Mwalimu Mkuu, mwanamke aliyechoka usoni, akamkuta na wazazi wawili wa kamati. Akaweka kinasa sauti juu ya meza, akabonyeza. Sauti ya mlinzi ikajaa chumba: kifua, uso, geti, filimbi, msinipe. Ilipokwisha, Mwalimu Mkuu alikuwa ameshika paji la uso.

"Nimemsikia," alisema. "Nimemwelewa, tena namheshimu. Sasa nifanyeje, dada? Nisimame getini nimsikilizishe mzazi mmoja mmoja?"

"Nitasimama mimi."

"Na ambao hawakuja leo? Na waliokwisha kuambiana kwa simu?"

Mzazi mmoja wa kamati, baba mnene mwenye sauti ya upole, akakohoa. "Mimi sina ugomvi naye hata kidogo. Ila ukiangalia, hata humo ndani ya kinasa amesema angempiga. Si ndivyo alivyosema?"

Bi Rudia akachukua kinasa sauti chake. Miaka yote hiyo amewauliza watu swali hilo, hakujua kumbe linauma hivi ukiulizwa wewe.

Jioni ile mlinzi alirudisha rungu na filimbi, akasaini, akaja nyumbani na kofia tu, maana kofia ilikuwa yake. Kupitia ukutani Bi Rudia alimsikia Mama Pacha akiuliza na mumewe akijibu, lakini maneno hayakufika. Laiti wangegombana, angepata pa kuingilia kuomba radhi. Asubuhi Mama Pacha alimkuta kambani, akamsogezea vibanio kama kawaida.

"Dada, mimi sikulaumu," alisema. "Amesema wewe ulimrudishia vizuri."

Afadhali angemtukana.

Akarudi kwa Mhariri na kudai masahihisho. Alipayuka mpaka mpanga kurasa akatoka chumba cha pili kutazama. Mhariri hakukataa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Bi Rudia, kwani mtu mbaya unamchukia na unapumzika. Wiki iliyofuata masahihisho yakatoka, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro: "Kauli ya mlinzi wa shule iliyochapishwa wiki jana ilikuwa ndefu kuliko ilivyoonekana. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

"Ndefu kuliko ilivyoonekana!" Bi Rudia alimsomea mumewe. "Kana kwamba ni suruali!"

Mumewe akaacha kupiga randa. "Wamedanganya?"

"Hawajadanganya."

"Sasa utawashika wapi?"

Hakuwa na pa kuwashika. Alizunguka na gazeti lile mtaani mwenyewe, anafunua ukurasa wa magodoro, anaeleza. Watu walitikisa kichwa kwa adabu. Mwenye duka la vyuma alimwambia, "Mimi lakini nilimpenda yule mlinzi. Ana moyo." Fundi viatu hakupaza sauti tena, aliinama tu juu ya soli.

Mlinzi alizunguka pia, akitafuta kazi. Alikwenda kwenye ghala, kwenye zahanati, kwenye shule nyingine ya mbali. Kila alipofika walikuwa wamekwisha kumsoma. Kisha siku moja alasiri Bi Rudia alitoka uani na beseni la nguo, akamkuta amesimama wima kama sanamu ya kutishia ndege, mikono kapanua, Mama Pacha amepiga magoti anampunguza urefu wa suruali. Suruali nyeusi, shati la mifuko minne, nembo begani.

"Umepata kazi, shemeji!" alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

"Nimepata. Kampuni ya ulinzi, ile inayosindikiza magari ya benki." Akaitazama nembo begani. "Walinitafuta wao. Wana kipande cha gazeti wamekibandika ofisini. Wakasema wanataka mtu kama mimi."

Beseni likamlemea Bi Rudia, akaliweka chini. "Ukawaambia ile nusu nyingine?"

"Niliwaambia yote, na ya kijana, na ya filimbi. Wakacheka. Wakasema mlinzi mwenye utani ni mzuri, hazeeki upesi."

"Ungekataa."

"Dada," akasema Mama Pacha kutoka chini, pini zikiwa mdomoni. Pacha walikuwa wakicheza mlangoni na ile kofia ya zamani.

Mlinzi akashusha mikono. "Leo wametupeleka kujifunza kulenga," alisema, akiitazama kamba ya nguo. "Wanachora mtu kwenye mbao. Wanataka umpige kifuani."

"Wanataka umpige kifuani," Bi Rudia akarudia, kwa mazoea tu.

Mlinzi akageuka akamtazama, akisubiri. Alikuwa anamjua jirani yake, alijua swali lipi linafuata, na jibu alikuwa nalo tayari.

Bi Rudia hakuuliza. Akainama, akaokota beseni lake, akaanza kuanika.