Aminieli na Bunduki ya Pilipili

Mzee Aminieli alishuka kutoka Suji, mlimani, akiwa tayari ana wajukuu. Shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa kwa ndugu mpaka kila mmoja akabaki na migomba ya kuhesabu kwa macho. Huku chini, karibu na Makanya, alipata ardhi pana na kavu, pembeni kabisa mwa mashamba yetu, mahali ambapo tembo wakitoka hifadhini hufikia kwanza. Mimi ni jirani yake. Kati yetu upo mfereji tu.

Kule mlimani alikuwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito ili wakulima wafunguliwe maji kwa zamu. Kazi hiyo aliipenda kuliko kilimo chenyewe. Mwaka wa ukame aliziba tundu nusu, maji yakatoka kidogo kidogo, na mwenye zamu ya mwisho naye akapata. Alijisifia jambo hilo mara nyingi, na hakuna mtu wa Suji niliyewahi kumsikia akimpinga.

Huku kwetu hakuwa na cha kujisifia. Misimu miwili mfululizo tembo walimaliza mahindi yake yakiwa yameanza kukomaa. Msimu wa tatu, wakati wa palizi, mkewe Dorkas alisimama na jembe, akamwambia mbele yangu:

“Baba Eliufoo, nakuambia jirani akisikia. Wakila na haya, narudi Suji kwa kaka yangu. Mimi sikuolewa nije kuwalimia wanyama.”

Mzee aliendelea kupalilia. Alijua mama yule hatishii.

Mwezi huo mradi mmoja wa kulinda mazao ulimtuma binti aitwaye Agape, atufundishe kutumia bunduki za hewa. Hazina risasi. Zinarusha vigololi vyenye ngozi laini, ndani vimejaa unga wa pilipili. Kigololi kikimpiga tembo kinapasuka, pilipili inamwingia puani, anaondoka.

“Shikamooni,” Agape alisema, akaweka bunduki juu ya meza. “Hii ni ya presha ya chini.”

“Presha ya kushuka?” alidakia Swalehe, mfuga mbuzi wa pale Makanya ambaye pia ana shamba kwetu. “Mama mkwe wangu anayo hiyo. Hata kuku hamfukuzi.”

Watu walicheka, Agape naye akacheka. Kisha akaeleza. Ndani ya mtungi hewa imeshindiliwa kwa nguvu nyingi sana. Ikienda vile vile, itakipasua kigololi kabla hakijatoka kwenye mtutu. Kwa hiyo ipo valvu inayoipunguza nguvu. Lakini nyuma ya kigololi pana chumba kikubwa, na njia za hewa ni pana, ili hewa nyingi ikisukume kwa pamoja bila kukigonga.

“Ni sawa na kumsukuma mtu kwa kiganja badala ya kumpiga ngumi,” alisema. “Nguvu ni ndogo, hewa ni nyingi. Nimeshaipima. Hii skrubu ya valvu msiiguse.”

Tulimchagua Aminieli awe mlinzi, kwa sababu shamba lake ndilo la kwanza na kwa sababu ni mtu makini. Siku ile alitembea na bunduki begani kama kijana aliyetoka jeshini.

Tatizo lilianza na joto. Vigololi vililainika, viwili vitatu vikapasukia ndani ya mtutu, na Aminieli akashinda siku nzima anasafisha huku anapiga chafya. Na mtungi ukiisha, lazima upelekwe Same kwenye mashine ya mradi. Pampu ya fundi pancha haiwezi kuujaza. Alianza kuihurumia ile hewa. Siku moja nilimkuta ameshika bisibisi.

“Yule binti alikataza, mzee,” nilimwambia.

“Binti ni mtu wa mjini. Kitu kikiwa kidogo unakiachia kidogo kidogo. Nimefanya kazi hii kabla hajazaliwa.”

Akakaza ile skrubu ili valvu iibane hewa zaidi, mpaka mlio wa bunduki ukawa kama wa mtu anayetema mate. Akajaribu kwenye kisiki kilichokuwa hatua chache mbele yake. Vigololi vilifika, na hakuna hata kimoja kilichopasukia ndani ya mtutu. Akanitazama. Watu wakaja kuona, wakamsifu. Swalehe mwenyewe alisema, “Mzee wa ndiva, wewe ungezaliwa Ulaya ungekuwa mbali.”

Tembo walikuja jua halijazama, mahindi yakiwa yanasubiri wiki chache tu kukauka. Walikuwa jike mmoja mkubwa na wenzake. Aminieli aliwangoja palepale Agape alipomfundisha kusimama, mbali, kwenye ukingo wa shamba. Akafyatua. Kigololi kikaanguka kwenye mahindi, nusu ya njia. Akasogea, akafyatua tena, kikaanguka. Dorkas alikuwa akipiga sufuria na kulia. Aminieli akasogea mpaka nikafikiri anataka kufa. Safari hii vigololi vilimpata yule jike ubavuni. Niliona kwa macho yangu: vilimgonga vikadunda, vikadondoka vizima. Tembo aligeuza kichwa, akamtazama, akaendelea kung’oa.

Kisha hewa ikaisha. Kule kubana hakukuwa kumeokoa kitu. Kila alipofyatua hewa ilitoka kidogo, lakini ilimwagika bure, kigololi kifike au kisifike.

Walikula kwake mpaka wakashiba, ndiyo maana hawakuvuka mfereji kuja kwangu.

Agape alirudi, akafungua bunduki, akaiona skrubu. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alisema tu, “Baba, haya si maji. Maji machache yanalowesha kidogo. Kigololi kisichopasuka hakijafanya kitu chochote.” Akairudisha skrubu mahali pake, na kikao chetu cha wakulima kikampa Swalehe bunduki. Wale waliomsifu pale kwenye kisiki walikuwepo wote, na kila mmoja alisema kwamba yeye alishamuonya.

Wiki hiyo hiyo tembo walirudi. Swalehe aliwafukuza akiwa amesimama mbali kabisa, kwa vigololi vichache. Mahindi ya wengine wote yalipona, na yangu.

Dorkas aliondoka asubuhi kwa bodaboda ya kupanda Suji, kifurushi mapajani. Aminieli alimfungia kamba ya mzigo, akamshikia miguu ya kuku aliyekuwa akiondoka naye, isimchafue. Hawakubishana. Bodaboda ilipopotea konani, alichukua panga, akaingia kukata mabua yaliyolala.

Swalehe alipita na mbuzi wake, bunduki begani. Akasimama kidogo mpakani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba.”

“Nilikuwa nauliza. Haya mabua, kama huna kazi nayo, mbuzi waingie?”

Aminieli aliendelea kukata. Halafu akajibu bila kuinuka:

“Waingie.”