Fundi Mabegi na Mgonjwa Asiyeugua

Fundi Mabegi aliwadharau watu kwa kuangalia mizigo yao. Katika miaka yote aliyokaa kwenye kibaraza cha stendi ya mabasi, cherehani mbele yake na pini mdomoni, alikuwa ameamua kwamba mtu anaweza kukudanganya kwa uso, kwa nguo, hata kwa machozi, lakini begi halijui uongo. Zipu iliyopasuka ilimwambia kwamba huyu ni mchoyo, anajaza vya watu wawili katika mfuko wa mmoja. Mpini uliofungwa kamba ulimwambia kwamba huyu ni mvivu. Wote aliwashonea, maana dharau haimzuii mtu kufanya kazi.

Madereva walipogoma na kufunga barabara kwa magogo na matairi, dharau yake ilipata malisho mapya.

"Wanadai barabara nzuri," aliwaambia abiria waliokwama, "kwa hiyo wameiziba hata hii mbovu tuliyo nayo. Akili ni mali, na hawa ni mafukara."

Miongoni mwa waliokwama alikuwamo kijana mgeni, mtembezi wa nchi za watu, mwenye begi la mgongoni refu kupita kichwa chake. Stendi nzima ilimwita Kabati. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye simu, na alikitumia bila huruma.

"Shikamoo, dada," alisema alipokuja kushonewa mkanda wa bega uliokuwa ukifumuka.

"Marahaba. Ukiniamkia shikamoo usiniite dada. Chagua moja."

"Asante! Mgomo mzuri sana!"

"Mgomo mzuri?"

"Sana! Nyumbani hakuna!" Akamwonyesha picha alizopiga: matairi yakiungua, wanawake wamelala juu ya mabunda yao, mtoto analia.

Fundi Mabegi alizitazama picha, kisha akamtazama mwenyewe. Mkononi alikuwa ameshika uzi mnene uliopakwa nta, ule wa mizigo mizito. Akaurudisha kwenye kopo na kuchukua uzi mwembamba wa kushonea mito.

"Kwa huyu unatosha," alijisemea. "Atabeba nini, picha?"

Mkanda ulikuwa umeshashonwa na Kabati ameshaondoka simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa nesi wa hospitali iliyo ng'ambo ya daraja.

"Dada, mama yako amegoma."

"Hata yeye?"

"Amesema haingii chumba cha upasuaji mpaka wewe ufike. Na ule uvimbe hausubiri. Tena madaktari nao wanaanza mgomo kesho asubuhi. Ni leo au basi."

Fundi Mabegi alifunika cherehani, akajifunga khanga kiunoni na kushika njia ya darajani.

Kizuizi cha darajani kilisimamiwa na mtoto wa dada yake mkubwa, kijana aliyeitwa Katibu kwa kupenda kwake sheria kuliko chakula. Hata waenda kwa miguu walizuiwa, wasije wakubwa wakavuka kwa miguu na kupanda magari yao upande wa pili.

"Mama mdogo, pole sana," alisema Katibu. "Sheria ya kizuizi inasema apite mgonjwa na msindikizaji mmoja. Wewe mgonjwa wako yuko wapi?"

"Yuko hospitali! Ni bibi yako!"

"Ndiyo hivyo. Ameshavuka. Huna wa kumsindikiza."

"Mimi ndiye niliyekufuta kamasi, wewe."

"Ndiyo maana siwezi. Nikikupitisha watasema napendelea ndugu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi Mabegi aliwatazama wale wanaume waliokalia magogo, wakitafuna majani na kujiona majemadari, akasonya mpaka wa mwisho akasikia. Lakini gogo halisogezwi kwa msonyo. Kule ng'ambo mama yake alikuwa amelala, na jua lilikuwa linateremka.

Hapo ndipo Kabati alipotokea, meno yote nje.

"Simama! Wewe nani?" akaulizwa.

"Mimi ni mgonjwa!"

Wagomaji wakatazamana. "Mgonjwa wa nini?"

"Mgonjwa wa nchi yenu! Mgonjwa kutoka mbali sana!"

Fundi Mabegi alielewa mara moja. Kijana alitaka kusema mgeni, neno likampotea njiani kati ya simu na ulimi. Akafungua mdomo kumsahihisha, kama alivyomsahihisha kila mtu maisha yake yote. Kisha akaufunga. Asiyejua maana haambiwi maana.

"Hamwoni?" aliwaambia. "Mtu mzima anayachekea matairi yanayoungua. Homa imeshafika kichwani. Nampeleka hospitali."

"Wewe, mama mdogo? Tangu lini?" aliuliza Katibu.

"Tangu sasa. Sheria si inasema msindikizaji mmoja? Au ni sheria ya mama wadogo wa wenzako tu?"

Katibu alikuna kidevu. "We kijana, ni kweli unaumwa? Ni mgonjwa?"

"Kweli! Nafurahi sana kuwa mgonjwa hapa. Kesho nitakuwa mgonjwa mji mwingine!"

"Maskini," alisema mgomaji mmoja, akavua kofia. "Mleteeni mkokoteni."

Wakamketisha Kabati juu ya mkokoteni, naye akawapungia mkono kama bwana harusi, akishukuru ukarimu wa taifa zima. Walipolivuta begi limfuate, mkanda ulikatika palepale ulipopita uzi wa mito.

"Mgonjwa habebi mzigo," Katibu alitangaza. "Hubeba msindikizaji. Na ninyi wawili," aliwageukia wagomaji wenzake, "msukumeni mpaka lango la hospitali, nataka uhakika."

Basi Fundi Mabegi akavuka daraja na kabati la watu mgongoni, limening'inia kwa mkanda mmoja, likimpiga kiuno kila hatua.

"Fundi amekuwa mtalii!" walimcheka nyuma yake. "Tupige picha!"

Alilipandisha begi, akakaza mwendo. Pumzi zilikuwa na kazi nyingine.

Kwenye mapokezi ya hospitali nesi aliuliza, "Mgonjwa ni nani?"

"Mimi!" alisema Kabati, na kabla hajaongeza neno akatiwa kipimajoto mdomoni. Fundi Mabegi hakungoja. Alipanda ngazi mbio, begi bado mgongoni.

Mama yake alikuwa amelala, ameupa ukuta uso.

"Nimekusubiri uje na mikono," alisema mzee alipogeuka, "umekuja na nundu."

"Mama, utaingia?"

"Nilisema nitaingia ukija. Mimi si dereva. Nikisema mgomo umekwisha, umekwisha."

Lakini alikishika kidole gumba cha bintiye, kile chenye sugu za sindano, wala hakukiachia mpaka milango ya chumba cha upasuaji ilipowatenganisha.

Fundi Mabegi aliketi kwenye benchi. Baadaye kidogo Kabati alikuja, amepimwa na kuonekana mzima wa afya, masikio yamemwiva kwa aibu. Ilikuwa dhahiri kwamba kuna mtu amemfundisha tofauti ya maneno mawili.

"Mimi si mgonjwa," alisema polepole. "Nani mgonjwa?"

"Mama yangu."

Kabati aliacha kutabasamu. Aliketi pembeni, simu mfukoni.

Fundi Mabegi alilivuta begi mapajani, akafungua pindo la khanga alikozoea kuficha sindano na kibunda cha uzi wa nta, akaanza kuifumua kazi yake mwenyewe.

"Uzi wa mito," alisema kwa dharau, na safari hii alimjua vizuri anayemdharau.

Alikuwa anafunga fundo la mwisho milango ilipofunguliwa. Nesi aliyekuwa akisukuma kitanda alimwashiria kwa kichwa kwamba mambo yamekwenda vizuri. Mama alifumbua jicho moja zito, akamwona Kabati aliyesimama kwa heshima, meno yote nje tena.

"Na huyu anayechekacheka ni nani?"

"Mgeni tu, mama," alisema Fundi Mabegi, akakata uzi kwa meno.