Tambara Juu ya Injini

Niliondoka Dar es Salaam kwa ajili ya arobaini ya baba, na kwa ajili ya maneno yake ambayo sikuyafikisha. Siku tatu kabla ya kufariki alinipigia simu kutoka wodini. "Kabureta la kulia nimelitoa, mama," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Tundu la injini nimeliziba kwa tambara tu, na banda linavuja. Mwambie dada yako amwite Daudi alirudishie kabla mvua hazijachanganya." Nikasema sawa. Kisha akafa, na msibani sikuweza kulitaja gari. Kwetu, anayeulizia ufunguo wa marehemu kabla ya arobaini anaonekana amewahi mirathi. Nikanyamaza. Mvua zikachanganya.

Gari lenyewe ni la Kijerumani, la michezo, milango miwili, injini nyuma. Aliliacha daktari mmoja Mjerumani aliporudi kwao uzeeni, akamkabidhi baba aliyekuwa fundi wake. Kwa jinsi linavyolala chini, watu wa Ifakara waliliita Kenge. Baba hakukasirika. "Kenge ni mwenyeji wa bonde hili kuliko ninyi," aliwajibu. Kila Jumapili baada ya misa aliliwasha, nasi mabinti zake wawili tukakaa ndani tukitetemeka pamoja na viti, tukicheka bila sababu.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka. Baada ya Mikumi tuliiacha barabara kuu tukateremka kuelekea Kidatu, miwa ikasimama pande zote mbili, na manyunyu ya mwisho ya masika yakaanza. Abiria wenzangu walifunga madirisha wakaendelea na usingizi. Mimi nililiona kila tone likitua juu ya tambara.

Jioni, Ifakara. Dada Koleta alinipokea stendi, akafunga begi langu nyuma ya baiskeli, tukatembea hadi nyumbani. Kesho yake ilisomwa misa, watu wakala wali, kisha baba mkubwa akasimama mbele ya ukoo akasema gari ni letu sisi wawili. Dada alifungua pindo la kanga akatoa ufunguo.

Banda lilinuka kama chungu kilichosahauliwa. Bati moja la paa lilikuwa limetoboka, na chini ya tundu lile, juu ya injini, tambara la baba lilikuwa limelowa na kuota ukungu wa kijani. Dada alilitazama, kisha akatazama ukutani.

Asubuhi iliyofuata nilipanda bodaboda kwenda Lupiro. Tulivuka daraja, mto ukiwa bado umejitandaza mashambani, na ng'ombe wa Wasukuma wakifuata ukingo mkavu wa barabara. Fundi Daudi, aliyefanya kazi na baba tangu ujana wao, nilimkuta amelala chini ya mashine ya kukoboa mpunga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Wewe ni wa Kenge," alisema kabla hajatoka. "Sauti ya baba yako hiyo."

Nilimweleza. Alifuta mikono muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji.

"Mpunga unajua kulala majini, binti. Chuma hakijui."

Tulirudi watatu kwenye pikipiki moja. Dereva alilalamika kwamba sanduku la spana ni zito kuliko mwenyewe. "Basi lipakie hilo," mzee akamjibu, "mimi nitembee." Hakuna aliyecheka sana.

Ifakara tena, adhuhuri. Fundi Daudi alitoa plagi moja moja, akamulika ndani ya silinda. Upande wa kulia yalitoka maji ya rangi ya chai. Alimimina mafuta, akaweka spana kubwa kwenye injini, akavuta kwa uzito wake wote. Akasema tusubiri. Tulisubiri siku mbili. Alipovuta tena, kilichosogea ni mzee peke yake.

"Pistoni zimekamata kwa kutu," alisema, akakaa chini. "Angeniita mtu mapema, ingekuwa kazi ya nusu saa."

Hapo ndipo nilipomwambia dada juu ya simu ya wodini. Nilitegemea anifokee. Alikaa kwenye kiti cha dereva, mguu mmoja nje.

"Alinipigia na mimi," alisema. "Kila Jumapili nilisimama mlangoni mwa banda na ufunguo. Nikasema, mdogo wangu akisikia nimelifungua, atasema nimewahi mirathi."

"Nisingesema."

"Ningejuaje?"

Mvua ilikuwa imekwisha, na kupitia tundu la bati jua liliingia likatua palepale pa tambara.

Siku ya kurudi, dada alinisindikiza hadi mlango wa basi. Nilikuwa nimelikunja tambara lile, limekauka, nikalitia begini. Safari hii imenifunza kwamba tuliyaheshimu mauti kuliko aliyekufa. Yeye alituomba jambo dogo la mikono, nasi tukampa ukimya wenye adabu.

Sasa kila Jumapili baada ya misa dada hunipigia simu. Fundi Daudi amekuja, wameongeza mafuta, wamevuta spana.

"Halijasogea," ananiambia.

Nami namwambia, "Asante kwa kuniambia, dada."