Tembre za Cherehani

Godelieve, mshonaji wa Kitshanga, aliitwa Mama Tembre kwa sababu ya ubishi mmoja: hakukubali kadi iondoke mezani kwake bila tembre, yaani stempu ya posta. Tangu ujana alikusanya tembre zenye picha zilizopigwa kwa kamera. Zilizochorwa kwa mkono aliwagawia majirani. Vita vilipoifunga posta, kadi alizobadilishana na rafiki yake Kavira wa Walikale zilianza kubebwa na Damien, mchuuzi wa chumvi aliyekwenda huko kwa miguu siku sita. Damien hakudai tembre. Ni Godelieve mwenyewe aliyejitoza. Alichukua picha yake ya kitambulisho, akatoa uzi kwenye sindano ya cherehani, akatoboa pande zote nne, akachana kingo taratibu na kuibandika kwa uji wa muhogo. Kavira, aliyejifunza naye ushonaji, alijibu kwa tembre yenye uso wake. Damien alicheka njia nzima, na kabla ya siku ya soko jina lilikuwa limekwisha kuenea.

Mwaka 2001 alikuja kwake Bibiche, msichana aliyekimbia kijiji cha karibu na Walikale. Mama yake, Agathe, alikuwa ameambiwa kwamba binti huyo alifia njiani. Alikuwa amekwisha kunyoa nywele kwa msiba, na ukoo ulikuwa umepanga kumaliza matanga Jumapili ya mwisho ya Agosti, ambapo nguo za marehemu zingegawanywa. Binamu mmoja, kwa habari za Damien, alikuwa tayari amevaa blauzi ya Bibiche.

Bibiche alikuwa na picha yake moja tu katika furushi lake. Ilikuwa nzuri mno, na mkusanyaji ndani ya Godelieve hakuweza kuipita. Akaitoboa, akaibandika, kadi ikaenda kwa Kavira ampelekee Agathe habari kwamba binti yu hai.

Jibu lilirudi mwishoni mwa Julai, nyuma ya kadi yenye kiboko anayepiga miayo, iliyobaki tangu enzi za watalii. Agathe aliichagua mwenyewe kwa Kavira, naye Kavira akaandika kama alivyoambiwa: “Hii picha njo iko ku ukuta yangu. Wafu nao wako na picha.”

Godelieve alikiri kwamba kosa lilikuwa lake: alichagua uzuri, wakati mama alihitaji ushahidi. Zilibaki wiki nne. Alipendekeza picha mpya. Bibiche akauliza, kwa haki kabisa, mama atajuaje kwamba ni mpya. Godelieve alishona pindo tatu za sketi akilitafakari swali hilo. Kisha akasimama, wakaenda kwa Jacques, mpiga picha mwenye kamera itoayo picha papo hapo.

“Shika kadi ya mama yako,” alimwambia Bibiche. “Juu, karibu na kidevu.”

“Ya kiboko?”

“Njo hiyo. Aliichagua yeye, juzi tu. Mufu hawezi kuishika.”

“Dada, cheka,” alisema Jacques nyuma ya kamera. “Kiboko anakushinda kinywa.”

Bibiche alicheka, na hivyo ndivyo alivyotoka pichani. Damien aliondoka kesho yake na kadi yenye tembre hiyo mpya.

Agosti ikaisha bila habari. Bibiche alikuja kila asubuhi kuketi kizingitini, akisingizia kusaidia kukata nyuzi. Siku ya pili ya Septemba Damien alifika na chumvi kidogo na kadi moja. Tembre yake, iliyotobolewa na cherehani ya Kavira, ilimwonyesha Agathe mwenyewe, nywele zikianza kuota.

Bibiche aliisoma kwa sauti: “Nimeona kiboko yangu. Chakula ya matanga tulikula yote, tukacheza mpaka asubui. Blauzi imerudishwa.”

Akaisoma tena, halafu tena. Godelieve aliitazama tembre ile kwa muda mrefu; daftari lake la tembre halikuwa na nyingine iliyotobolewa vizuri hivyo. Akamwachia Bibiche kadi nzima. Kisha akaketi kwenye cherehani, akalowesha ncha ya uzi, akaupitisha sindanoni, akamalizia pindo la sketi ya shule iliyokuwa ikisubiri tangu Jumatatu.