Pole Kabla ya Kuanguka

Mwaka 2019 mama yangu alikuja Houston kututembelea, na tangu afike, binti yangu akaanza kuanguka.

Binti alikuwa anajifunza kuteleza kwenye ukumbi wa barafu, akijiandaa kwa mtihani wa kuruka na kuzunguka hewani mara moja na nusu. Akishindwa angerudishwa kwa wale wadogo, na alishaapa kwamba akirudishwa anaacha kabisa. Asubuhi tuliondoka mtaani kwetu Sharpstown tunatoka jasho, tukaingia kwenye baridi ya mochwari.

Mama alikaa nami kwenye benchi, kajigubika kanga mbili mpaka puani. Kwetu mtu akianguka huambiwa pole, hata kama hukumsukuma wewe. Lakini pole ile ilitangulia. Mtoto yuko hewani bado, nasikia: pole. Ndipo anaanguka, pu! Nilimgeukia mama. Hata hakugeuka.

Kocha alinieleza kwamba anayetua kila mara hana muujiza. Anaingia vilevile kila siku, bega limetulia, na mikono inabana kifuani mpaka mzunguko uishe. Wangu alikuwa anaifungua mapema, kama mtu aliyekwisha ambiwa kwamba ataanguka.

Basi nikajua mchawi wangu. Nilimwambia mama, kwa hasira, abaki nyumbani.

"Haya, baba," alisema. "Lakini mie kwenye baridi ile hata mdomo sifungui."

Sikumwamini.

Kesho yake nilikaa peke yangu. Muziki ulikuwa haujawashwa. Binti akachukua kasi, akaruka. Pole. Niliisikia waziwazi, karibu kabisa na sikio, na akaanguka. Niligeuka nyuma. Viti vitupu. Niliogopa, sifichi.

Binti akaja mpaka ukingoni, magoti yamelowa.

"Baba, please. Stop saying it."

"Nani, mimi?"

"Every time! Hata kabla sijaanguka. Ukisema tu, my arms open."

Siku ya mtihani aliingia na bibi yake. Mimi nilibaki garini, vioo nimepandisha, kiganja mdomoni kama mgonjwa wa jino. Walipotoka wameshikana mikono, nilimtazama magoti kwanza. Yalikuwa makavu.

Nikashuka mbio nimpe hongera. Kabla sijaitamka, nikasikia: pole.

"Kashapoa," mama akajibu, akaniziba mdomo kwa kanga yake.