Katheta za Nyuma ya Rafu

Stoo ya hospitali yetu ndogo kule Ruiru ilikuwa chini ya ngazi. Haikuwa na dirisha. Dari ilishuka kwa mshazari hadi usawa wa bega langu, na kila aliyepanda wodini alipita juu ya kichwa changu. Baada ya mwezi mmoja nilijua kwa hatua tu nani anabeba mtoto na nani anaburuta mguu.

Rafu nilizipanga kama nilivyozoea dukani kwa mama, mtaani Kiandutu. Kwake kitu kipya hukaa mbele kikimetameta ili mteja akione kwanza, cha zamani kikasukumwa nyuma. Kila maboksi mapya yalipoletwa, bandeji, sindano, mifuko ya mkojo, niliyaweka mbele. Watu walisifu stoo ilivyopendeza. Sikujua kwamba hospitalini mambo ni kinyume: kinachokaribia mwisho wake ndicho hutangulizwa. Sikuuliza pia.

Jumapili moja asubuhi aliletwa mzee mkulima aliyekuja na mkewe kwa harusi ya mjukuu. Hakuwa amekojoa tangu jana yake. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Sister wa zamu alinituma nimletee katheta, ule mpira wa kutolea mkojo.

Za mbele zilikuwa zimeisha. Nikaingiza mkono nyuma ya rafu, nikagusa boksi zima, na moyo ukatulia. Kisha nikasoma tarehe. Ilikuwa imepita miezi miwili. Nikafungua boksi la pili, la tatu. Zote.

Nilisimama pale nimeinamisha kichwa kwa sababu ya dari, nikimsikia mzee akiguna ng'ambo ya ukuta. Pakiti ilikuwa safi, haijafunguliwa. Sister hangesoma tarehe. Aliuamini mkono wangu. Nikinyamaza, mzee anapumua sasa hivi. Nikisema, anaendelea kuumia, na nitaulizwa ni nani aliyeziacha zizeeke huko nyuma. Mlango ulikuwa wazi, lakini sikuona pa kutokea.

Nilimpelekea pakiti. "Sister," nikasema, "hii imepita tarehe. Zote zimepita."

Aliitazama pakiti, akanitazama mimi. Alielewa nusu ya ukweli niliyoimeza.

Mkewe mzee alikuwa amesikia. "Mwekeeni tu hiyo, binti yangu. Mahindi yangu ya mwaka jana yana tarehe? Na tunakula."

"Hayo yanaingia tumboni, shosho. Hii inaingia pahali pengine," sister alisema. "Hapana."

Maduka ya dawa ya karibu yalikuwa yamefungwa, wenyewe wako kanisani, ikabidi mtu wa bodaboda aende mpaka Juja. Ilichukua karibu saa nzima. Sister aliniambia nikae na mgonjwa. Jasho lilimtiririka mzee hadi kwenye kola ya shati lake la harusi. Hakupiga kelele. Aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Kwani hospitali nzima haina mpira?" Nikamwambia uko njiani. Akashika chuma cha kitanda, nami nikaangalia vidole vyake vikibadilika rangi.

Katheta ilipofika, mfuko ulijaa upesi. Uso wake ukafunguka polepole, akalala papo hapo, viatu miguuni.

Mkewe alinifuata hadi mlangoni pa stoo, akanishika mikono yote miwili.

"Nilikukasirikia," alisema. "Lakini wewe ungenyamaza, ni nani angejua? Mungu akubariki kwa huo ukweli."

Sister alikuwa nyuma yake na trei mkononi. Alisimama. Alinipa muda wa kuisema ile nusu nyingine, najua alinipa. Mikono ya yule mama ilikuwa mikavu na yenye joto, na haikuniachilia.

"Asante, shosho," nikasema.

Sister akapanda ngazi. Nilisikia hatua zake zikipita juu yangu, moja moja, hadi wodini. Hakuniuliza siku hiyo wala wiki iliyofuata. Maboksi yale hayangeweza kutupwa mpaka aje mtu wa kushuhudia yakichomwa, na ilibidi tumngoje. Niliyafunga kwa utepe mwekundu nikayaweka mahali pekee palipobaki, chini ya meza yangu, na kila nilipoketi magoti yaliyagusa.