Mlango wa Bi Zabibu

Mke wangu aliitwa Zabibu binti Mosi. Amefariki. Naliandika hilo mwanzo kwa sababu watu wengi hawaliamini, na siku nyingine hata mimi.

Alikufa kwa presha, hapa hapa Unyambwa, Singida, wakati wa upepo. Tulimzika kabla ya alasiri. Watani wetu Wanyiramba walikuja wakafanya vituko vyao, kama ilivyo ada. Mmoja alijilaza pembeni ya kaburi akasema hanyanyuki mpaka apewe jogoo. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Halafu watu wakatawanyika.

Matanga hayajaisha, mwanamke akapiga hodi.

"Bi Zabibu yupo?"

"Amefariki."

"Lini? Mbona jana nimemwona kwenye televisheni?"

Ndivyo ilivyoanza.

Zabibu alikuwa mtoto wa muuza vitambaa. Baba yake asili yake Pwani, mama yake Mnyaturu. Alisoma kidogo, akanizidi mimi ambaye sikusoma kabisa. Herufi hizi alinifundisha yeye, nikiwa mtu mzima. Mimi kazi yangu ni kusuka matenga ya kuku. Yanapakiwa kuku yanakwenda Dar es Salaam, hayarudi, nasuka mengine.

Alipata kazi Dodoma, hospitali ya wagonjwa wa akili. Alianza kwa kufagia. Alipomaliza kufagia alikuwa anakaa na wagonjwa. Aliona kwamba ukimuuliza mgonjwa habari za moyo wake, anakukimbia. Ukimuuliza amekula nini, anakaa. Anakuambia ugali, anakuambia ulikuwa mbichi, anakuambia mama yake alikuwa anapikaje, na mara analia. Hapo umeshaingia.

Alikuwapo daktari mmoja, Gaspari. Yeye alikuwa na kigoda. Anakiweka kitupu mbele ya mgonjwa, anamwambia, huyo unayemlilia amekaa hapo, mwambie ulichotaka kumwambia. Zabibu alikuwa anasimama mlangoni na fagio, anatazama. Gaspari alipohamishwa alimwachia kile kigoda. Wagonjwa wakaendelea kuja, kwa mfagiaji.

Yakaja mageuzi. Watu wakapunguzwa kazini, na yeye akapunguzwa. Tukarudi nyumbani na magodoro, masufuria na kigoda.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kipya mjini. Mansuri, mtoto wa Abdulrazaki mwenye duka la vitenge, alipandisha ungo juu ya bati la duka akavuta waya nyumba kwa nyumba. Mwenye televisheni akaunganishwa. Wasio nayo tulitazama dirishani kwa jirani. Katika stesheni zake moja ilikuwa ya kwake mwenyewe. Alitangaza misiba, alitangaza magodoro, alionyesha harusi za watu. Siku moja akaja kwetu.

"Shikamoo mama. Nasikia ulikuwa daktari wa vichaa."

"Marahaba. Nilikuwa nafagia wodi yao, mwanangu."

"Hapa mjini wapo wengi."

"Wapo. Wengine wanapanda juu ya bati na ungo, jua la saa saba."

Mansuri alicheka mpaka akakohoa. Ijumaa iliyofuata Zabibu alikuwa kwenye televisheni. Mwanamke mwingine anayefanya kazi ile mji huu ulikuwa haujamwona. Wala mwanamume.

Walifanyia nyuma ya duka, kati ya majora ya vitambaa. Alitundika kanga kwenye kamba. Mwenye shida anakaa nyuma ya kanga, asionekane. Kamera inamwona Zabibu, inaona kigoda, na chini ya kanga inaona miguu ya mgeni. Mimi nilikuwa nakaza kamba ikilegea.

Alisahau kitu kimoja. Singida tunajuana mpaka viatu. Mgeni wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Majengo, alimsema mumewe vizuri, hakubakiza. Alipofika nyumbani mumewe akamwambia, "Leo sendo zako zimeongea sana." Mkanda wa ile sendo aliushona yeye mwenyewe, kwa uzi mwekundu.

Zabibu hakula siku ile. Kesho yake alinunua ndala za kijani, kubwa, za kiume, na soksi nyeusi ndefu. Toka hapo kila mgeni alivaa hizo. Mzee, binti, mwalimu, mchuuzi, miguu ikawa ya mtu mmoja. Mji mzima ukabaki unakisia. Ndala za kijani zikakosa mnunuzi sokoni, maana ukizivaa tu utasikia, "Eh, jana ulikuwa unalia nini?"

Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile la wodini. "Umekula nini leo?" Halafu ananyamaza. Anatazama ile miguu. Kama inasuguana, anangoja. Ikitulia, anasogeza kigoda. Watoto njiani walikuwa wanamkimbilia, "Bi Zabibu, nimekula makande!" Naye anajibu, "Basi huna shida, nenda kacheze."

Hakuwahi kumwambia mtu fanya hivi, fanya vile. Wengine walikasirika. Bwana mmoja aliyetoka Itigi alisema nyuma ya kanga, "Safari yote hii, hata kuniambia nimwache au nisimwache?" Zabibu akamjibu, "Umeshajiambia mwenyewe. Mimi nimekusikia. Wewe hukusikia?"

Na mwisho wa kila kipindi aliitazama kamera, anasema, "Mlango wangu hauna kufuli. Njoo baada ya alasiri."

Walikuja. Nyumba yetu haikuwa na kufuli kweli, na humo napo alitundika kanga, akaweka kigoda na ndala, kama dukani.

Sasa yeye alikufa, lakini kanda zilibaki kwa Mansuri. Aliendelea kuzionyesha. Sikumlaumu, watu walimwomba. Ila mimi nilikuwa nakaa peke yangu na sahani yangu, na dirisha la jirani yangu Dorkas liko wazi, na kutoka huko namsikia Zabibu anauliza, "Umekula nini leo?"

Siku moja nilijikuta nimejibu. Nilisema, "Mlenda."

Na baada ya alasiri, hodi. Kila ninapomwambia mtu amefariki, ni kama nashika koleo upya, namfukia tena. Nilitaka kitu kimoja tu, waache afe. Nikanunua kufuli, nikawa naketi nje nasuka, mlango nimeufunga nyuma yangu. Mtu akiliona anageuka mwenyewe. Baadhi.

Halafu akaja yule wa Shelui.

Alikuwa mwanamke kijana, vumbi la lori mpaka kwenye kope. Jina lake Selina.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Namtafuta Bi Zabibu wa televisheni."

Nikasema amefariki. Nilikuwa nimechoka, nikachanganya na Kinyaturu. Akanitazama, akaanza kucheka.

"Kumbe Mnyaturu! Mtani, umeanza mapema, hata maji sijanywa."

"Sikutanii."

"Nyie mnazika watu kwa mdomo tu. Na wewe unakufa lini, tuje tule ubwabwa?"

"Siku yoyote."

"Basi usife leo, nina haraka. Lori langu linarudi jioni. Mwite mkeo."

Hakuwa na ubaya. Mnyiramba akiambiwa na Mnyaturu kwamba kuna msiba, na Mnyaturu mwenyewe anasuka tenga, atadhani nini? Aliniambia dereva mmoja aliacha kanda pale mgahawani Shelui, yeye anaosha vyombo hapo, deki ya video ipo, ameitazama mpaka anaijua. Alikuwa bado anacheka. Kisha macho yake yakafika mlangoni.

"Mbona kuna kufuli?"

Niliendelea kusuka.

"Yeye alisema hauna kufuli."

Hapo akaamini. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, hakulia. Alitazama tu kufuli.

Nilinyanyuka nikafungua. Sikujua nafungua kwa ajili ya nini. Kigoda kilikuwa ndani, kanga kwenye kamba, soksi na ndala chini yake. Selina alivua viatu vyake. Akavaa soksi, akavaa ndala, akaingia nyuma ya kanga akaketi. Hakuuliza. Utaratibu wote aliujua.

Kiti kilichobaki kilikuwa cha Zabibu. Nikakaa. Miguu ilikuwa inasuguana chini ya kanga, soksi kwa soksi. Ilikuwa ile ile. Miaka yote nimeitazama, ilikuwa ile ile.

"Umekula nini leo?"

Sauti ilitoka kwangu. Haikuwa yangu sana.

Halafu akasema, "Sahani mbili."

"Mbili?"

"Yangu na ya Marko."

Marko alikuwa mumewe, utingo wa lori. Gari liliwashinda kwenye mteremko wa Sekenke, likapinduka. Walimzika. Lakini lori likifunga breki pale Shelui jioni, Selina anatoka nje kutazama. Na chakula anampakulia. Asipokuja anakila yeye, kisimwagwe. Mama mkwe wake, Theresia, ameona. Amesema mwanamke anayekula chakula cha marehemu hawezi kulea mtoto wa watu. Jumapili anakuja kumchukua mtoto.

"Mimi si kichaa, babu. Najua amekufa. Ila nikishika mwiko, mkono unapakua wenyewe. Bi Zabibu angeniambiaje?"

"Sijui. Angekusogezea kigoda."

Nikakisogeza. Upepo ulikuwa unaitikisa kanga. Halafu akaanza, polepole, kama mtu anayemwamsha mwenzake.

"Marko. Sufuria ni dogo, unalijua. Mwanao anakula siku hizi, anaomba aongezwe. Ile sahani yako ya bluu anaitaka yeye. Nimemkatalia. Nimempiga, Marko, kwa ajili ya sahani yako." Ndala zikasuguana. "Lori likifika nakusikia unaruka chini. Nakusikia kweli. Lakini hushuki. Umekufa, Marko. Sahani nampa mtoto."

Miguu ikatulia.

Alivua ndala akaziweka sawa, pua zimeelekea mlangoni, kama alivyokuwa anaziweka Zabibu. Mlangoni akageuka.

"Na wewe, babu, umemwambia?"

"Nani?"

Akaelekeza kidevu kwenye kigoda.

"Lori litakuacha," nikamwambia.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Mansuri. Nikamkuta anapanga kanda.

"Zifute."

"Mzee wangu, mji mzima utanilaani."

"Zifute. Rekodi harusi juu yake. Si unahitaji kanda?"

Alinitazama. Akasema, "Ukitaka kukaa nazo, chukua."

"Nikakae nazo nizifanyeje? Futa."

Akafuta. Ulikuwa msimu wa harusi, watu wamevuna. Kwa Dorkas kukawa kimya. Nilikula mlenda sikuulizwa. Hodi zikapungua, zikakoma. Nilikuwa nimepata nilichotaka, na nyumba ikawa kubwa.

Sasa Maryam, binti wa ndugu yake Mansuri, akaolewa. Kanda ya harusi ikatembezwa kwa majirani kama kawaida. Ikafika kwa Dorkas, akaniita. "Njoo babu, na wewe umo, unakula pilau." Nikaenda. Chumba kilijaa akina mama. Tukatazama ngoma, tukatazama vyombo, bibi harusi akaingia kwenye gari, gari likaondoka, mwisho. Skrini ikajaa chenga. Dorkas akanyanyuka kuzima.

Zabibu akatokea.

Uso wake wote, na ushungi wake mweupe. Akatutazama. Akasema, "Mlango wangu hauna kufuli. Njoo baada ya alasiri."

Mmoja nyuma akanong'ona, "Hata harusini amekuja." Hakuna aliyecheka.

Nilimuuliza Mansuri baadaye. Aliona haya. Harusi ni fupi, kanda ni ndefu. Harusi inafuta mwanzo, mkia unabaki. Na mkia wa kila kanda ulikuwa neno lake lile la mwisho. Kanda zote ni hivyo. Zimekwenda na maharusi Itigi, Manyoni, nyingine Dar es Salaam. Hawezi kuzirudisha, ni harusi za watu.

Lakini siku ile kwa Dorkas, baada ya kusema lile neno, alibaki kidogo kwenye skrini. Mdomo ameufunga. Alikuwa anatazama chini, kwenye miguu ya mtu. Nikasogea mbele nikapiga goti, akina mama wakanipisha.

Nikamwambia, "Zabibu, umekufa."

Alitazama ile miguu mpaka chenga zikarudi.

Nilirudi nyumbani nikaling'oa kufuli. Leo linafungia tenga la kuku.

Sasa wanakuja tena, wa mbali kuliko zamani. Nawaambia kwanza kwamba amefariki. Wengine wanadhani utani, nawaacha wacheke. Halafu nawaonyesha ndala zilipo.